Sekunde ya Arobaini na Moja

Nilianza kwa kiburi cha fundi.
Mchana nafufua mafriji Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
usiku nashika panga mbili za moto,
na jina langu kule ni Kipara wa Makorora,
ingawa nywele ninazo.

Watu kumi, kila Alhamisi baada ya isha,
kumvamia Malkia wa Majivu pangoni mwake.
Tulijuana kwa sauti tu:
Shemdoe wa Muheza, mbeba ngao, mwenye kikohozi;
Mwanakheri, mganga wetu, anayetibu huku akibembeleza mtoto;
mapacha wa Pongwe, wanaogombana hata wakishakufa;
na Mwanamkuu wa Chumbageni, kiongozi,
mhasibu wa ghala la mkonge,
asiyepaza sauti kamwe.

Wiki sita tulikufa.

Mimi nilikufa nikiwa wa kwanza kwa mapigo.
Namba zangu zilipanda kama bei ya sukari Shaabani ikiisha,
nikazitazama zinavyopanda,
nikazitazama,
na chini yangu ardhi inabadilika rangi.

Jumapili akanipigia.
"Nimehesabu. Tumeingia mara ishirini na tatu.
Mara kumi na tisa umetangulia kufa wewe.
Sekunde ya arobaini na moja, kwenye duara jekundu, palepale."

Nikamwambia mtandao.
Nikamwambia mganga kachelewa.
Nikamwambia umeme wa Tanga.
Akanyamaza mpaka nikasikia feni yake.
"Kazi yangu," akasema, "ni kufunga hesabu za watu
wanaodai mkonge umeliwa na panya."

Usiku ule akaniandikia, bila salamu:

*Moto ukigusa guu,*
*usiangalie juu;*
*pisha, japo u mkuu,*
*wafu hawapigi pigo.*

Nikanuna siku mbili.
Ya tatu nikachukua utepe mweusi wa kufungia nyaya,
nikaziba kona ya skrini zinakokaa namba.
Nikaanza upya, mtoto wa chuo aliyerudishwa kwenye alifu:
kutazama miguu yangu kabla ya mikono yangu,
kuja na dawa zangu, nisiombe za Mwanakheri,
kujua Shemdoe akikohoa mara mbili anataka kugeuka,
na kusema "kosa langu"
bila kuongeza "lakini".
Hilo la mwisho lilinichukua mwezi.

Kisha Alhamisi moja ya vuli.
Mvua inapiga bati, amri nazisikia nusunusu.
Malkia kabakiwa na asilimia nne,
na laana ikanishukia mimi:
sekunde nane, halafu unapasuka na kila aliye karibu.

Nane. Mkono unataka kupiga.
Saba. Pigo moja tu, nani atajua?
Sita, nikampa mgongo.
Nikakimbia hadi kwenye nguzo iliyovunjika, kona ya mbali kabisa,
nikapasuka peke yangu, kama nazi jiweni.

Nikiwa nimelala kifudifudi nikawaona wale tisa.
Sikuwahi kuwaona kabla; nilikuwa nasoma namba.
Kumbe Shemdoe hupiga magoti anapopokea pigo.
Kumbe Mwanakheri ana taa ya kijani inayozunguka, inayozunguka.
Mbili. Moja.
Makelele yakatoka Muheza, yakatoka Pongwe,
mtoto wa Mwanakheri akaamka akilia,
naye tukamhesabu miongoni mwa washindi.

Glovu za Malkia zikamwangukia pacha mmoja.
Pacha wa pili akatoka bila kuaga.
Mwanamkuu akaniambia maneno mawili:
"Umekufa vizuri."

Asubuhi mama muuza juisi akaniletea friji inayonguruma.
Zamani ningeitandika kofi kwanza.
Nikachutama, nikatazama miguuni pake:
maji, na waya uliochubuka.

Utepe bado uko konani mwa skrini.
Umeanza kukunjika upande mmoja, kwa joto.
Naubandika tena kwa kidole gumba.