Meza ya Pili

Watu hamsini na mmoja wamelazwa Zugdidi
tangu harusi ya Jumamosi.
Kijiji kimeshahukumu: ni Nazibrola mpishi,
ni kuku wake wa mchuzi wa jozi.
Dukani wamekataa kupokea pesa yake.

Mimi sijui kuhukumu. Najua kupika.
Gramu hamsini za unga kwa lita ya maji,
chemsha, poza hadi chupa ishikike kwa mkono,
mimina sahanini kabla haijaganda.
Ndani mna sukari ya maziwa, mna rangi,
mna chumvi ya nyongo.

Ndiyo, nyongo. Naandaa karamu
na kuitia nyongo kwa makusudi:
wale wa ngozini, wa puani,
wa mikononi mwetu sote,
wafike, waonje, wafie kizingitini.
Waliozoea giza la utumbo
nyongo kwao ni maji ya kunawa.
Hao ndio niliowaalika.

Halafu sukari.
Anayeila hana pa kujificha:
uchachu unamtoka, rangi inamshika,
kukicha yu mwekundu kama mdomo wa bibi harusi.
Asiyeigusa anabaki mweupe,
mgeni aliyeketi mbele ya sinia
akisema ameshiba.
Huyo ndiye ninayemwogopa.

Saa kumi na mbili asubuhi nafungua sanduku la joto.
Sahani ya Nazibrola: wekundu mtupu,
wekundu wa kila tumbo lenye afya.
Sahani ya kuku wake: hakuna kitu.
Nimeiinua kwenye taa mara tatu.
Sahani ya keki,
keki ya krimu ya mjomba Badri,
iliyosafiri saa saba ndani ya buti la gari
kutoka Batumi, mwezi wa Agosti,
imejaa weupe.

Sikupiga simu. Rangi ni tetesi, si kiapo.
Nikawahamishia kwenye agari nyingine, yenye chembe za chuma,
nikalala, nikaamka, nikatazama:
kila mmoja ana kitone cheusi katikati, kama mboni.
Hata jicho hilo wako wanaoliigiza.
Nikadondosha seramu juu ya kioo
wakashikana, wakavunjika mabonge
kama maziwa yaliyokatika.

Ndipo nikaandika jina.

Siku zote hizo mbili
Nazibrola alikuwa kwenye benchi la ukumbini,
mkoba magotini, hakuomba hata maji.
Nikamwita. Nikamwonyesha sahani kupitia kifuniko.
Hakulia. Hakumtaja Badri.
Aliinama akaitazama kwa muda,
jinsi mtu anavyotazama chungu cha mwenzake,
kisha akauliza:

Na hiyo nyongo, unatia kiasi gani?

Gramu moja na nusu kwa lita, nikasema.

Akatikisa kichwa, akafunga mkoba.
Kidogo mno, akasema,
kwa kijiji chetu.