Kinachokula Umeme

Mita inalia saa nane za usiku,
kilio chembamba, cha kifaranga aliyepotezana na mamaye.
Hapa Jinja bwawa tunaliona kwa macho,
nyaya nene zinapita juu ya Walukuba zikiwahi kwa wengine,
nami nimesimama gizani nikisaka tarakimu ishirini za tokeni
ndani ya simu yenye chaji ya kuazima.

Asubuhi tukafungua mashtaka.
Naigaga alishtaki taa ya kibarazani.
Nikapanda stuli, nikaing'oa,
nikaweka ile nyeupe isiyo na ulafi.
Tenywa akashtakiwa kwa pasi:
kijana hunyoosha shati moja kila siku
kama anayeenda kuapishwa.
Hukumu: pasi ni Jumapili jioni, mashati yote kwa mkupuo,
na la mwisho linyooshwe waya umeshachomolewa,
kwa joto lililobaki.
Birika nalo likapewa zamu moja tu, alfajiri,
chai yote ya siku ikalale ndani ya chupa.

Nikaanza kuandika nyuma ya daftari lake la hesabu.
Jumatatu, uniti nne na nusu.
Jumanne, nne na robo.
Alhamisi, nne na robo tena.
Haba na haba, ndiyo, lakini kibaba chetu kina tundu,
na tundu lenyewe sikulitaja.

Kila mtu alijua.
Hata fundi Wegulo, aliyekuja kukagua nyaya,
aliigonga friji kifuani kwa fundo la kidole,
akapapasa mpira wa mlango uliochanika,
akanitazama,
akaondoka bila kudai nauli.

Friji ya Mama.
Iliingia humu kwa ajili ya vichupa vya insulini,
rafu ya mlangoni, kando ya limau.
Miaka sita tulinunua umeme kabla ya kununua sukari,
na sukari yenyewe tukaila kwa kujificha.
Mama tulimzika Buwenge mwezi wa tatu.
Sasa ni wa tisa,
na friji bado inanguruma usiku kucha
kulinda chupa ya maji
na kichupa kimoja kilichofika nusu.

Jumamosi nilichomoa.
Ikatetemeka mara moja, kama mtu anayeota,
ikanyamaza.
Lo! Kumbe nyumba yetu ina saa ya ukutani.
Kumbe bomba la jirani hudondoka.
Naigaga akakohoa, ili kuwe na kitu.

Kichupa nilikipeleka zahanati.
Muuguzi alikipokea kwa mikono miwili, hakuuliza.
Friji ikabaki wazi siku mbili
ikinukia limau.

Siku ya tatu ilikuwa ya maharage.
Yalikuwa yamelowekwa tangu jana,
yakatokota nusu saa juu ya sigiri,
na makaa, kwa bei ya gunia siku hizi,
yakaanza kufa kabla ya chakula kuiva.
Naigaga akaipua sufuria na kifuniko chake,
akaifunga kwa majani ya migomba,
akaizungushia blanketi la Mama, lile la mistari ya kijani,
akaisukumia ndani ya friji,
akabana mlango kwa goti, kisha kwa kamba.
"Unafanya nini?"
"Sanduku hili kazi yake ni kushika.
Likipewa baridi, hushika. Likipewa moto je?"

Kulipokucha nilifungua kamba
na mvuke ukanipiga usoni.
Maharage yamelainika, yamepasuka matumbo.
Tenywa alikula wima,
shati lina mkunjo mgongoni, hajali.

Uniti mbili na nusu. Nimeandika.

Saa nane za usiku bado naamka, ni mazoea tu,
hakuna kinacholia.
Napita jikoni bila kuwasha taa,
naweka kiganja juu ya mlango wa friji.
Una vuguvugu.