Kiingilio

Treni huondoka Tháp Chàm saa mbili na robo usiku.
Nimeliandika hilo nyuma ya bahasha ya bili ya umeme,
na chini yake: vitanda viwili, vya chini,
maana magoti ya mama hayapandi ngazi tena.
Bei nimeiandika kwa penseli, hafifu,
kama mtu anayekopa dukani kwa kunong'ona.

Mama haitazami bahasha.
Yuko uani, anakizunguka chungu.
Sisi hatuna gurudumu. Chungu husimama,
mfinyanzi ndiye huzunguka, kinyumenyume,
miaka arobaini na sita sasa,
hata nyayo zake zimechimba duara sakafuni.
Jana usiku, usingizi uliponikataa, nilipiga hesabu:
duara lile lingenyooshwa likawa njia
angekwisha kufika Mỹ Sơn, akarudi,
akaenda tena.

"Huko kuna nini?" aliniuliza mwezi uliopita.
Minara, nikasema. Ya mababu. Ya Shiva.
"Mnara tunao hapa kilimani.
Kila sikukuu ya Kate tunauosha, tunauvisha,
tunaulisha mbuzi na ndizi na mayai.
Huo wa kaskazini, nani anaulisha?"
Sikuwa na jibu. Nikakimbilia hesabu:
kuna kiingilio, dong laki moja na nusu kwa kichwa.
Akaiweka chini pete yake ya mwanzi.
"Nilipe, ndiyo niingie kwetu?"

Safari ikafa siku hiyo, bila matanga.

Iliyoifufua ni picha.
Kaka Thoan, aliye kiwanda cha viatu kule Bình Dương,
aliituma usiku wa zamu: ukuta, karibu kabisa,
tofali juu ya tofali,
na kati yake hakuna chokaa, hakuna saruji,
hakuna hata pa kupenyeza ukucha.
Mama aliishika simu kwa vidole vya tope,
akaukuza ukuta, akaukuza,
hata ukawa ukungu mwekundu tu.
"Walichoma kabla ya kujenga, au baada?"
Wataalamu bado wanabishana, nikasema.
Wengine wanataja utomvu wa mti.
"Wataalamu," akasema,
kama watu wa kwetu, penye ukame, wasemavyo "mvua".

Basi tukaanza kutafuta tarehe.
Si Oktoba, huko mvua humwaga kwa ndoo.
Si wiki ya kuchimba udongo mtoni Quao.
Si wiki ya kumchoma marehemu mama yake Xem, jirani yetu,
tulioahidi kupika.
Tarehe ni kama kuku wa kienyeji:
ukiikaribia, inahama.
Na oda ya vyungu sitini vya hoteli haijaisha,
hali nyumbani tunachotea maji kopo la rangi.
Mfinyanzi hulia gaeni; waliosema hawakukosea.

Jambo moja nimemficha.
Mnara mkuu kuliko yote haupo.
Ndege za Wamarekani ziliulaza mwaka wa sitini na tisa,
mama akiwa na miaka mitano,
na mashimo ya mabomu yangalipo, yameota nyasi,
watalii huyapita wakitafuta kivuli.
Nilisema moyoni: atayaona akifika.
Mtu akishalipa nauli, hageuki.

Leo asubuhi nilikuta mfuko wake umefungwa tayari.
Kofia. Mafuta ya kuchua. Wali ndani ya jani la mgomba, siku tatu kabla!
Na chini kabisa, katika kitambaa kibichi,
bonge la udongo wa Quao, zito kama mtoto mchanga.

"Wa nini huu?"

"Nimesikia kuna mashimo."

Sikuuliza kasikia kwa nani.
Akafungua fundo la leso, akahesabu mbele yangu,
noti zilizolainika kama ngozi ya sikio:
laki tatu za kiingilio, changu na chake,
na elfu ishirini pembeni.

"Hii ya mbuzi?" nikamtania.

"Mbuzi hapandi treni," akasema. "Ya mayai."