Suti ya Vipande Sita

Mimi ni fundi wa nguo, soko la Jericho,
kibanda cha nne ukitoka kwenye bomba la maji.
Siasa siijui. Najua kitambaa:
kipi kitachuja, kipi kitanywea kikifuliwa.

Basi kipaza sauti kilipopita kikinguruma
"Pigeni suti! Vipande sita, rangi moja,
msichanganye koti la huku na suruali ya kule!"
nilicheka hadi pini zikanitoka mdomoni.
Suti nimeshona miaka arubaini.
Sijaona mtu akinunua suti
bila kutia mkono mfukoni kwanza, asije akakuta umetoboka.

Enzi za chama kimoja kitambaa kilikuwa kimoja,
bali tuligombania mshono.
Baba alimuuliza kila aliyetaka ubunge:
mfereji uliotuahidi uko wapi?
Kisha ukaja mwaka wa mlolongo. Tukajipanga nyuma ya picha,
na mstari mfupi ukatangazwa mrefu.
Baba hakuuliza tena.

Vyama vikaja vingi. Nikashona fulana za Kinu.
Kinu kikapasuka, nusu yake ikawa Ngazi,
Ngazi ikaolewa na Kibuyu, wakaachana kabla ya mvua.
Kila mara nilifumua nembo ya zamani kwa wembe,
nikabandika mpya juu ya vitundu vilevile vya sindano.
Wateja walewale. Vifua vilevile.
Chama hufa, wala hakikaliwi matanga;
aliyekipenda huamka na mapenzi yake mazima
akiuliza tu: leo tunaitwaje?

Ndipo akasimama Rispa Kavinya, muuguzi wa zahanati.
Usiku mmoja stima imepotea
alimshona mwanangu kidole kwa mwanga wa simu,
kidole cha mwisho, mkono wa kushoto,
mishono saba, midogo, iliyonyooka.
Mimi fundi niliionea wivu.
Aliomba kiti bila chama. Tume ikampa alama ya kijiko.
Watu wakamkumbatia sokoni: "Wewe ni wetu,"
na walimaanisha. "Lakini, dada, tukikupa wewe
tutampunguzia Mzee mikono bungeni."
Mzee, ambaye hajawahi kukanyaga tope letu.
Mama Atsango, aliyezalishwa mapacha na Rispa,
alimfungia omena bure, kura akamnyima.

Siku yenyewe, darasani, karatasi sita.
Ya mbunge ilikuwa ya kijani.
Jina la mtu wa chama nililijua tangu juzi
kwenye bango, nusu limefunikwa na tangazo la mganga.
Rispa alikuwa chini kabisa, na kijiko chake.
Kalamu ikasita.
Niliwaza kile kidole. Niliwaza pia kibanda changu,
na watu ambao hawangeniuliza neno,
wangenitazama tu.
Mkono ukaenda wenyewe,
kama mguu uliozoea cherehani.

Alipata kura mia mbili na kumi na moja.
Wiki ile walionong'ona kwamba walimpa
niliwahesabu, nikachoka;
kwa hesabu yao angekuwa ameshaapishwa.
Alipokuja kupunguza gauni, nami nilimnong'oneza hivyo hivyo.
Akanyamaza. Akageuka nimpime mgongo.
"Fundi," akasema, "niachie nafasi ya kupumua."

Mbunge yuko muhula wa tatu sasa.
Amehama chama mara mbili; tumehama naye, hatukusikia baridi.

Mwaka huu mwanangu amepiga kura yake ya kwanza.
Alirudi mbio, kidole juu, akanionyesha.
"Umempa nani?"
"Suti, baba! Nimeshona kama wewe."
Nikaushika mkono wake, nikausogeza kwenye mwanga.
Wino ulikuwa umeingia katika kovu,
umelala humo, mweusi,
tundu kwa tundu, mishono yote saba.