Yuro Themanini

Belmiro hakupiga kelele. Aliiweka karatasi mezani,
akaikandamiza kwa shoka lake la mialoni:
"Deolinda, nimeambua magome kutwa. Nimeambulia nini?"

Asubuhi marobota arobaini, alasiri sitini,
kila robota yuro tatu.
Hata mjukuu wake angesema mia tatu.
Kompyuta ilisema mia mbili na ishirini.

Nikaifungua seli. Haikuwa imekosea.
Niliandika kama ninavyosema:
arobaini, jumlisha sitini, zidisha tatu,
nikidhani mashine husoma kama padri,
kushoto kwenda kulia, mpaka amina.

Kumbe ni foleni ya ofisi ya meya wa Coruche:
mwenye cheo hupita mbele.
Kipeo kwanza. Kisha kuzidisha na kugawanya, bega kwa bega,
aliye kushoto ndiye anayehudumiwa.
Kujumlisha na kutoa husubiri, kofia mkononi.
Basi tatu ikaichukua sitini, wakaenda zao,
na marobota arobaini ya asubuhi,
yaliyoambuliwa umande haujakauka,
yakaingia mwisho, bila bei.

Bila bei.

Nikaweka mabano, moja huku, moja kule,
kama viganja vinavyokinga maji.
Mia tatu ikatokea, wala haikuomba radhi.

Belmiro akainamia kioo.
"Ni vikucha hivi viwili tu?"
"Hivyo viwili tu."
Akalichukua shoka, akafika mlangoni, akageuka.
"Na mwaka jana?"

Nikavuta kiti.
Nikafungua faili la mwaka jana.