Kitenge Kibichi

Mimi ni mpiga pasi, Magomeni Mapipa,
na jiografia nimeisoma kwenye makunyanzi.
Lete shati. Acha mkunjo usimame katikati ya meza,
nyunyiza maji upande wa huku tu:
huku chepechepe,
ng'ambo ya mkunjo pakavu, pamekaza kama karatasi.
Basi. Huo ndio Uluguru,
na mkunjo wa pili nyuma yake, Ukaguru.
Ng'ambo kule ndiko kwetu, Kongwa.

Bi Kobelo, mwenye nyumba, ni Mluguru wa Matombo.
Kodi ikichelewa hunitania:
"Mgogo wewe, hata mvua yenu tumeikopa na hatulipi."
Sina jibu, maana ni kweli.
Upepo huu huu unaonigandisha fulana mgongoni,
uliobeba bahari hadi jasho halina pa kwenda,
huondoka hapa umeshiba.
Ukifika mlimani hulazimishwa kupanda;
kule juu baridi huukamua
kama mikono miwili inavyokamua shuka,
migomba ya kina Kobelo ikanywa,
vijito vikashuka, Ruvu ikajaa,
nao ukateremkia kwetu mtupu, umepata joto,
ukigonga mabati kama mgeni asiye na zawadi,
tena ndio unaoomba maji.

Ruvu hurudi huku kwa bomba.
Siku yakitoka nakinga ndoo,
najaza chupa niliyoitoboa kifuniko,
nanyunyizia kola za watu wa wizara
wanaohamia Dodoma kwa treni.
Tone, pasi, mvuke. Tone, pasi.

Juzi nilimnunulia mama kitenge.
Nikakiloweka, nikakikamua nusu,
nikakitia kwenye nailoni, mafundo matatu,
nikampa Chidawali, abiria wa alfajiri.
Kutwa nzima pasi mkononi nikihesabu:
Pugu, Ruvu, Morogoro,
kisha Kilosa, mahandaki,
kitenge kinapita tumboni mwa mlima
mahali ambapo wingu halijawahi kupita.
Nikaunguza mfuko wa suruali ya mtu.

Usiku mama akapiga.
"Kizuri. Ila kimevunda, mwanangu.
Huko hamna jua?"
Nikanyamaza.
"Nimekianika uani," akasema,
"mbuzi hawataki kuondoka.
Wanakilamba."