Kilo ya Umande

Miaka kumi na mmoja nilikuwa karani wa mizani
kwenye banda la chai, chini kidogo ya Mudete,
na kila gunia nililikata kilo moja.
"Ya umande," niliwaambia akina mama.
"Majani yamelowa. Kiwanda hakinunui maji."

Wakakubali. Nani abishane na umande?
Nikakata wakati wa masika, sawa.
Nikakata Januari pia,
vumbi likiwa limepaka midomo ya watu
na majani yakilia ndani ya gunia kama karatasi.
Kilo moja. Ya umande.
Jioni ikaandikwa kwa jina la mke wangu,
ambaye hakuwa na mche hata mmoja wa chai.

Msinitafutie sababu. Sikuwa na njaa.
Nilinunua mabati ya rangi ya damu ya mzee
na redio.

Waliponifukuza, nilirudi kanisani kwa Marafiki,
benchi la nyuma, karibu na mlango.
Sisi huabudu kwa kunyamaza.
Nawaambia, hakuna mahubiri makali
kama watu sitini walionyamaza
huku wote wakijua uzito wako.

Jendeka, mjane wa Asava,
ana miche mia nne nyuma ya lile jiwe kubwa.
Nilipiga hesabu yake usiku, kwa kalamu ya risasi:
siku tatu kwa wiki, wiki hamsini, miaka kumi na mmoja,
kilo elfu moja mia sita na hamsini.
Nikauza ndama. Nikaenda na karatasi na nusu ya pesa
na hotuba niliyoikariri njiani.

Alikuwa akipepeta maharagwe.
"Nilijua," akasema, hata sijafika katikati.
"Tangu mwaka wa pili. Nilipima majani hapa nyumbani
kwa pakiti za sukari."
Mbona hukusema?
"Mwanzo nilinyamaza kwa hasira.
Baadaye nikachoka kubeba mizani yako kichwani
juu ya kikapu changu."

Pesa akazirudisha mfukoni mwangu kwa mkono wake,
kama mtu anayemfunga mtoto kifungo.
Karatasi akaisokota, akaziba nayo chupa ya mafuta ya taa.
"Mguu wangu hauwezi tena mistari ya juu," akasema.
"Kesho njoo uchume. Nitakulipa kama wengine."

Anilipe! Mimi!
Nilitamani anitukane.
Tusi lina mwisho wake, faini ina tarakimu,
hata jela ina siku ya kufunguliwa.
Deni ningelimaliza, nikatembea tena kifua mbele.
Lakini hiki alichonipa nitakirudisha wapi?
Hakina gunia, hakina risiti,
na kila nikijaribu kukistahili
kinanichekea.

Mchungaji huliita neema, na hulitamka haraka,
kama jina la kituo asichoshukia.
Mimi nimelijua likiwa na mikono yenye vumbi la maharagwe.
Halikusema kwamba sikuiba.
Lilisema kilo zote, moja moja,
halafu likanionyesha kikapu.

Kidake, mwanawe, aliyeacha shule kidato cha pili,
hanisalimu. Hupita akitazama jiwe.
Simlaumu. Sina haki ya kumharakisha.

Basi alfajiri niko mistari ya juu,
majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi,
suruali imelowa hadi mapajani.
Umande huu sikuupanda, sikuupalilia,
umelala juu ya chai ya Jendeka na juu ya magugu,
nao umelala juu ya vidole hivi, vilevile
vilivyokuwa vikiusingizia.

Karani siku hizi ni msichana wa Chavakali.
Akatundika gunia langu, akasoma, akaandika yote.
"Na umande?" nikamuuliza.
Akanitazama
kama mtu aliyeulizwa bei ya mapambazuko,
akaita gunia linalofuata.